Shajara ya mradi wa ufinyanzi: mabakuli 20 ya umbo moja

Mpango

Kazi ni kufinyanga kwa mkono, bila gurudumu, mabakuli 20 ya umbo moja kwa udongo uliochimbwa na kuchujwa, kisha kuyachoma kwa kuni. Bakuli likitoka motoni liwe na mdomo wa sentimita 15, kimo cha sentimita 7, kitako cha sentimita 6 na ukuta wa milimita 6. Hakuna rangi ya kioo juu yake, yaani tabaka la kupaka linaloyeyuka motoni na kuwa kama kioo. Urembo wote utatokana na umbo, tope laini la kupakia, kokoto ya kusugulia na moto wenyewe.

Umbo moja limechaguliwa kwa makusudi. Wengi wanaoanza ufinyanzi hufanya kikombe leo, mtungi kesho, sanamu keshokutwa, wakiamini kwamba wingi wa maumbo ndio ubunifu. Mkono haupati nafasi ya kulijua umbo lolote kiasi cha kuliamuru. Bakuli likirudiwa, hofu za mwanzo (litasimama au litalegea? mdomo utapasuka?) huisha mapema, na ndipo maswali ya msanii yanapoanza: tumbo lianze kufunguka wapi, mdomo uelekee nje kiasi gani, alama za vidole zibaki au zifutwe. Kuridhika tunakokutafuta katika kazi hii kunaanzia kwenye maswali hayo, na hayaji kwa mtu ambaye bado anapigana na udongo.

Kila bakuli linachorwa namba chini ya kitako udongo ukiwa bado mbichi, kwa kina cha kama milimita moja. Namba nyembamba huzibwa na tope la kupakia. Daftari linaandikwa uzito wa udongo mbichi, siku ya kuanza kukauka na mahali bakuli lilipokaa tanurini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo inayoeleza nusu ya kasoro baada ya moto.

Udongo

Udongo unachimbwa chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji. Ukikauka hupasuka vipande vipande, ukilowa hunata, na ukisuguliwa kwa kidole gumba hung'aa. Dalili hizo hazitoshi. Viringisha kamba ya unene wa penseli, uizungushe kwenye kidole. Isipopasuka, udongo una mnato. Ikitoa nyufa za juujuu, huenda ukafaa ukichujwa. Ikikatika, mchanga umezidi. Kisha weka udongo uliopondwa theluthi moja ya chupa pana ya kioo, jaza maji, tikisa kwa nguvu. Mchanga hutua ndani ya dakika chache, vumbi zito hufuata kwa saa kadhaa, na udongo wenyewe huelea siku nzima au zaidi. Unene wa tabaka hizo unaonyesha una nini mkononi.

Jaribio la chokaa lisirukwe. Dondoshea siki kwenye bonge kavu. Likitoa mapovu, kuna chokaa. Kipande chake kidogo kama kichwa cha kiberiti hugeuka chokaa hai kinapopita takriban nyuzijoto 850. Baadaye hufyonza unyevu wa hewa, hufura na kurusha kigae kutoka kwenye ukuta wa chombo. Hilo hutokea siku au wiki kadhaa baada ya kuchoma, chombo kikiwa kimeshasifiwa na watu. Dawa yake ni kuchuja kwa chekeche chenye matundu ya nusu milimita, na udongo wenye chokaa nyingi kuuacha ulipo.

Udongo uliochaguliwa ni mwekundu, wenye mnato mkubwa. Ulikaushwa kabisa kabla ya kulowekwa, maana bonge kavu humeng'enyuka majini lenyewe, ilhali bonge lenye unyevu hubaki na moyo mgumu siku nyingi. Baada ya siku moja ulikorogwa, ukachujwa, ukaachwa utulie, maji ya juu yakamwagwa, na tope likamiminwa kwenye mifuko ya kitambaa lipungue maji.

Mchanganyiko ulipimwa kwa vibao. Kila kibao kina urefu wa sentimita 14, upana 4 na unene 1, na katikati umechorwa mstari wa sentimita 10 kamili. Kikikauka, kila milimita iliyopungua kwenye mstari ni asilimia moja ya kunywea. Udongo mtupu ulinywea asilimia 9 na vibao vyake vikapinda. Sehemu tatu za udongo kwa sehemu moja ya vigae vilivyosagwa, kwa ujazo, zilinywea asilimia 6 kavu na 7 baada ya moto wa majaribio, na vibao vikabaki vimenyooka. Huo ndio mchanganyiko wa mradi.

Vigae ni vipande vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, vilivyopondwa na kuchekechwa visizidi milimita moja. Havinywei tena, kwa hiyo vinapunguza kunywea kwa mchanganyiko mzima, na vinafungua njia ya maji kutoka ndani ya ukuta. Mchanga nao hufanya hivyo, ila mchanga mweupe wa mawe magumu hutanuka ghafla kwenye nyuzijoto 573 na kusinyaa tena hapohapo wakati wa kupoa. Vigae hutanuka kwa mwendo unaokaribiana na wa chombo kilichovibeba, ndiyo maana vimependelewa. Wakati wa kuponda, vinanyunyiziwa maji na pua inafunikwa kwa barakoa ya vumbi. Vumbi hili likivutwa kwa miaka huharibu mapafu, na mapafu hayo hayaponi. Kwa sababu hiyohiyo sakafu ya kazi inapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Haifagiwi kavu.

Kwa kuwa kunywea ni asilimia 7, kila kipimo kinagawanywa kwa 0.93. Mdomo mbichi ni sentimita 16.1, kimo 7.5, kitako 6.5, ukuta milimita 6.5. Mchanganyiko ulifungwa kwenye nailoni na kuachwa wiki mbili uive. Harufu inayotokea ni ya kawaida, na udongo ulioiva hukunjika bila kukatika.

Kukanda kuliendelea mpaka bonge lililokatwa kwa waya lisionyeshe tundu. Husemwa mara nyingi kwamba hewa iliyobaki ndani ndiyo inayolipua vyungu. Kinacholipua ni mvuke wa maji. Tundu la hewa katika ukuta uliokauka kweli hupita motoni salama, na ukuta mnene wenye unyevu hulipuka hata kama hauna tundu hata moja. Kukanda kunahitajika kwa sababu nyingine: unyevu uwe sawa kila mahali, na ukuta usiwe na sehemu dhaifu.

Kufinyanga

Bakuli moja linachukua gramu 600. Gramu 320 ni tufe la kuanzia, 280 ni za kamba mbili. Tufe linatobolewa katikati kwa kidole gumba mpaka unene wa sentimita moja ubaki chini, kisha linabinywa kwa kuzungushwa, kutoka kitako kwenda juu, na kuketishwa ndani ya kigae kipana kilichotandikwa kitambaa. Kigae hicho ndicho kinachozunguka. Mfinyanzi anatulia mahali pamoja, na mkono unabaki na pembe ileile.

Hapo kazi inasimama. Kamba ikiongezwa wakati chini bado ni laini, tumbo hulegea na bakuli hufunguka lenyewe. Ikichelewa, haishiki. Wakati mwafaka ni pale ukuta unapobonyea kwa kidole lakini haufuati kidole kinapoondoka.

Kamba ina unene wa milimita 14. Ncha zake zinakatwa kwa mshazari na kulaliana, na kiungo cha kamba ya pili kinawekwa upande wa pili wa bakuli, visipangane juu kwa chini. Viungo vikipangana vinachora mstari ambao ufa utaufuata. Ndani, udongo wa kamba unaburutwa kwenda chini kwa kidole gumba. Nje, udongo wa ukuta unaburutwa kwenda juu. Kuunganisha upande mmoja tu huleta ufa wa kuzunguka bakuli, nao hauonekani mpaka chombo kikauke. Maji yawe machache: kidole chenye maji mengi huosha udongo laini na kuacha chembe za vigae zikikwaruza, na ukuta unapoteza nguvu.

Umbo la ndani linafuatishwa kwa kiolezo cha ubao mwembamba kilichokatwa kwa mchoro wa nusu ya bakuli. Kiolezo kinashikilia ukubwa na mzingo. Hakishikilii mdomo, na mdomo tuliuachia mkono kwa hiari yetu, kwa sababu ndipo tabia ya bakuli inapokaa. Mdomo ulionyooka juu hulifanya bakuli lionekane la kina zaidi kuliko lilivyo. Ukielekea nje kwa milimita tatu tu, bakuli hufunguka na kuonekana jepesi. Ukiwa mwembamba mno, huonekana wa kupendeza ukiwa mbichi, kisha hupasuka au humeguka. Kipimo kilichotulia ni milimita 7, nusu milimita zaidi ya ukuta. Mdomo unapitishwa kipande cha ngozi kilicholowa, kimeshikwa kwa vidole viwili, ili chembe zake zikazike, kwa kuwa ndio unaokauka kwanza na ndio unaotangulia kupasuka.

Mpaka bakuli la sita mdomo unafuata kipimo. Kuanzia la tisa unaanza kuwa na maamuzi, na tofauti hiyo inaonekana hata kwa mtu asiyejua ufinyanzi akiyapanga mabakuli kwa namba.

Kukwangua, kitako na kusugua

Bakuli linakwanguliwa likiwa limekauka nusu: ukucha unaacha alama, lakini kidole hakilibonyezi, na rangi bado ni nzito. Kipande cha kibuyu kinatosha. Unene unasikika kwa kugonga taratibu kwa kidole. Sehemu nene hutoa sauti ya chini na butu. Baada ya kukwangua, uzito ulikuwa kati ya gramu 530 na 550.

Kitako ni pete ya udongo ya unyevu uleule wa bakuli. Pande zote mbili zinachanjwa kwa ncha ya kisu, zinapakwa tope, zinabanwa. Pete mbichi kwenye bakuli lililokauka zaidi hubanduka, kwa kuwa yenyewe itanywea wakati bakuli limeshamaliza kunywea.

Tope la kupakia linatokana na udongo uleule mwekundu, bila vigae. Unakorogwa na maji mengi, unaachwa usiku mmoja, na maji mazito ya juu yanamiminwa polepole kwenye chombo kingine, mashapo yakiachwa. Yale yaliyomiminwa yanaachwa yapunguze maji mpaka yawe mazito kama maziwa. Matabaka matatu membamba yanafaa kuliko moja nene, maana tabaka nene hubanduka kwa magamba. Kusugua kwa kokoto laini kunaanza mng'ao wa maji ukishatoweka juu ya tope. Kokoto ikiacha mfereji, mapema bado. Ikikwaruza na kutoa vumbi, muda umepita, na sehemu hiyo inapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kurudiwa.

Mabakuli yote yalisuguliwa ndani. Nje, kumi yalisuguliwa na kumi yakaachwa na mikwaruzo ya kibuyu. Ndani panang'aa na nje panakwaruza: mkono unaolishika bakuli unapata habari mbili kwa pamoja, na mabakuli ya namna hiyo ndiyo tunayoyapenda zaidi.

Kukausha

Mdomo unavishwa ukanda wa nailoni, bakuli linawekwa kivulini pasipo upepo, juu ya vibanzi vya mbao ili hewa ipite chini. Mdomo ukishashika linageuzwa kifudifudi. Nyufa zina lugha yake: ufa wa wima kwenye mdomo unasema kukauka kulienda mbio, ufa kama nyota kwenye kitako unasema chini ni nene au paliganda na ubao, ufa wa kuzunguka unasema kamba haikuungwa pande zote.

Mizani ndiyo inayotoa ruhusa ya kwenda motoni. Bakuli la gramu 540 lilitua kwenye gramu 430 na halikushuka tena. Shavu nalo linasaidia: bakuli lililo baridi shavuni bado lina maji. Ufa wa chombo kikavu hauzibwi kwa udongo mbichi, kwa sababu kiraka kitanywea na kufunguka. Bakuli namba 7 lilirudishwa kwenye ndoo ya maji likawa udongo tena, na nafasi yake ikachukuliwa na jingine. Kabla ya moto hakuna kinachopotea, na hilo humpa mfinyanzi ujasiri wa kuvunja asichokipenda.

Tanuri

Tanuri ni la matofali, chumba cha sentimita 60 kila upande, juu ya kijumba cha moto chenye kimo cha sentimita 35. Sakafu yenye matundu ni matao ya matofali. Nondo zingepinda chini ya uzito zikiwa nyekundu. Juu hapana paa: panafunikwa vigae vikubwa vilivyolaliana, vinavyozuia joto na kuacha moshi upite. Mabakuli yanapangwa mdomo kwa mdomo na kitako kwa kitako. Yanaweza kugusana kwa kuwa hayana rangi ya kioo, ila moto unaachiwa nafasi ya vidole viwili kati ya safu na safu.

Saa tatu za kwanza moto unakaa mlangoni, wala hauingii chini ya vyombo. Kazi yake ni kutoa maji yaliyojificha kwenye vinyweleo. Kipande cha kioo kinashikwa juu ya vigae kwa muda mfupi. Kikipata ukungu, mvuke bado unatoka na moto hauongezwi. Ukuta ukifika nyuzijoto 100 ukiwa na maji ndani, maji hugeuka mvuke kwa ghafla, na mlipuko mdogo husikika kama pigo kavu la ubao.

Kioo kikikaa kikavu, moto unasogezwa ndani na kupandishwa nyuzijoto zisizozidi 100 kwa saa. Kati ya nyuzijoto 350 na 600 yanaondoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe. Hapo ndipo udongo unapoacha kuwa udongo, na hata ukitiwa majini baadaye haurudi tena kuwa tope. Ndani ya muda huohuo kuna nyuzijoto 573, kwa hiyo haraka yoyote ni ya hasara. Baada ya 600 moto unaruhusiwa kukimbia, lakini hewa iingie ya kutosha, maana mabaki ya mimea ndani ya udongo yanahitaji hewa ili yaungue. Yakikosa, ukuta hufunga ukiwa na moyo mweusi.

Bila kipimajoto, macho yanasoma rangi kupitia tundu la kuchungulia, na usiku unasaidia. Wekundu hafifu unaanza kuonekana karibu na 600, wekundu ulioiva ni kama 800, rangi ya chungwa ni 900 na kuendelea. Lengo letu ni mwanzo wa chungwa, ushikiliwe nusu saa. Juu zaidi ya hapo mng'ao wa kokoto huanza kufifia, na ukikaribia 1,000 hupotea.

Mwanzoni kuni ni nene, mwishoni ni vibanzi vikavu vyenye mwali mrefu. Vibanzi vinatiwa kidogokidogo, na kila mara moshi unasubiriwa uishe kabla ya kutia vingine. Kujaza kijumba kwa pupa hupoza tanuri na kuziba hewa. Majivu yanavutwa nje yasizibe njia. Mwisho mlango unazibwa kwa matofali na tope, na tanuri haliguswi mpaka kesho yake, liwe la kushikika kwa mkono.

Matokeo

Mabakuli 16 yametoka mazima. Mawili ya safu ya chini yamebanduka kitako, namba 3 na namba 5, na yote mawili yana vitako vyenye unene wa milimita 11. Safu ya chini hupata joto kwanza, kwa hiyo kitako kinene hakikupaswa kukaa hapo. Moja limepata ufa mdomoni, jingine limepinda kwa kulaliwa na mengine. Uzima unapimwa kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: bakuli zima hulia kwa sauti inayoendelea, lenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa hata kama ufa hauonekani.

Ufyonzaji: bakuli la gramu 395 lilichemshwa saa mbili, likaachwa lipoe majini, likapanguswa na kupimwa: gramu 446. Tofauti, 51, ikigawanywa kwa 395 ni asilimia 12.9. Ni kawaida kwa chombo cha moto huu, na maana yake kinavujisha unyevu. Kwa vitu vikavu hakihitaji chochote. Kwa vimiminika kinachemshiwa maji mazito yenye wanga yazibe vinyweleo, na hata hivyo hakifai kuhifadhia kimiminika siku nyingi.

Manne yalitiwa tena moto, safari hii ndani ya pipa lililojazwa unga wa mbao, yakawashwa kutoka juu na kufunikwa yafuke usiku kucha. Kwa kukosa hewa, masizi huingia kwenye vinyweleo na udongo hugeuka mweusi. Joto la pipa ni dogo, kwa hiyo mng'ao umebaki. Pale bakuli lilipogusana na jingine pana doa jekundu lenye ukingo wa kijivu. Doa hilo haliwezi kuchorwa kwa brashi. Mahali pa kugusana panaweza kupangwa, na namna ya kuyalaza mabakuli ndani ya pipa sasa imeingia daftarini kama sehemu ya mapambo.

Yakipangwa mezani na kutazamwa usawa wa macho, matatu yanajitenga: namba 12, 17 na 18. Yote matumbo yake yanaanza kufunguka chini, karibu sentimita mbili kutoka kitako, na midomo yake inaelekea nje kidogo. Kiolezo kilitaka sentimita tatu, na mkono ulikiacha kiolezo wenyewe. Kwa mabakuli 20 yanayofuata kiolezo kitakatwa upya kwa mzingo wa namba 17, unene wa kitako ushuke mpaka milimita 7, na vingine vyote, udongo, uwiano wa vigae na mwendo wa moto, vibaki kama vilivyo.